KALAMU HUPUNGUZA MZIGO WA MOYO



Sisi tuliojifunza kuandika ukubwani tunatumia kalamu kuandika barua na kuweka hesabu ya magunia ya alizeti. Lakini kalamu ina kazi nyingine. Inaweza kutupunguzia mzigo wa moyo.

Hapa Utemini mama mmoja alifiwa na mwanawe. Darasani akawa kimya kabisa. Akasema, "Mwalimu, nikisimulia nalia." Tukamwambia: basi mama, andika. Hatutasahihisha. Siku chache baadaye akasema, "Bado inauma, ila sasa napata usingizi."

Je, alibahatisha? Hapana. Mwaka 1986 huko Marekani mtaalamu James Pennebaker na mwenzake walitangaza utafiti wao. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Mwanzoni huzuni ilizidi. Lakini katika miezi iliyofuata, walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Kwa nini? Kuficha uchungu ni kazi, nayo inachosha mwili. Ukiandika, mambo yaliyovurugika kichwani yanapangika: lilianza hili, likafuata lile.

Na majirani zetu Uganda? Miaka ya 1990 akina mama wenye virusi vya UKIMWI, wa chama cha NACWOLA, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Waliandika habari za ukoo, na hata za ugonjwa wao. Yale yaliyokuwa magumu kutamka, waliyaandika.

Hebu tujaribu hivi:

1. Tafuta mahali pa utulivu.
2. Andika dakika 15 bila kujali makosa. Kiswahili, Kinyaturu, lugha yoyote inayokutoka moyoni.
3. Andika kilichotokea, na ulivyojisikia.
4. Daftari ni lako. Lifiche, au lichome ukipenda.

Lakini tuangalie. Msiba ukiwa mbichi mno, ngoja kwanza. Ukiona moyo unazidi kulemewa, acha kuandika, umwone mtu unayemwamini au uende zahanati. Kalamu haichukui nafasi ya mganga.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi leo jioni, kazi zikiisha, tufungue daftari.