Kumfundisha Mtoto Kusoma Saa

Katika madarasa yetu ya awali, saa ya ukutani huwachanganya watoto. Mshale mfupi uko kwenye 8, na mtoto anatakiwa aseme "saa mbili". Namba anaijua, na ndiyo inayomkosesha.

Kwa hiyo tunaanza na jua. Huku karibu na Ikweta huchomoza kwenye saa 12 asubuhi mwaka mzima, na hapo ndipo hesabu yetu inapoanzia. Kisha tunatoa saa ya boksi: jibu liko upande wa pili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, ng'ambo yake ni 2. Ukiwa kwenye 10, ni 4. Dakika hazibadiliki. Kinachosumbua zaidi ni kasorobo, maana mtoto hutaja saa ambayo bado haijafika.

Baadhi ya wafadhili huuliza kwa nini tusifundishe saa ya kizungu tu. Biblia ya Kiswahili nayo inahesabu kama sisi: giza la Ijumaa Kuu lilikuwa tangu saa sita hata saa tisa. Lakini ya kizungu pia lazima waijue. Mwaka jana mjukuu mmoja alisoma 8:00 kwenye bahasha ya dawa, akampa bibi yake vidonge saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi. Bibi hakudhurika, ila tulishtuka.

Sasa bahasha hizo ni zana za kufundishia. Kamati za sharika, tunaomba mtukusanyie zilizo tupu, majina yakiwa yamefutwa.