Nuru na Kivuli katika Vitabu vya Watoto

Asimamaye Nakwa, mjini Babati, wakati wa mapambazuko, huuona Mlima Kwaraa upande wa mashariki ukiwa mweusi, kwa kuwa jua bado li nyuma yake. Baadaye ukingo wake hung'aa, na maji ya Ziwa Babati hupokea nuru. Adhuhuri mlima huo huo huwa kijani, na kivuli cha mtu huwa chini ya miguu yake.

Lakini tufunuapo vitabu vingi vya watoto wetu, twakuta mbingu ya rangi moja tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, na jua ni duara la manjano pembeni. Mtoto hawezi kujua kama ni asubuhi au jioni, wala kama hadithi ni ya kwao au ya ugenini.

Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alieleza kwamba jicho huona kwa nuru itokayo kwenye vitu. Basi mchoraji kwanza aiangalie nuru. Vilima vya mbali avipake rangi hafifu, kwa sababu ya hewa na vumbi vilivyo katikati. Kivuli kirefu kiseme asubuhi au jioni; kifupi kiseme adhuhuri. Wako pia wasiotegemea kivuli: John Kilaka, Mtanzania afuataye mtindo wa Tingatinga, hutumia rangi kali hata msomaji akahisi jua la Afrika.

Ndugu wasomaji, ziko nyumba zinazosita kununua vitabu vya picha kwa kuchelea sura za wenye roho. Hatukusudii kutoa hukumu hapa. Ila imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mtu aliyeishi kwa uchoraji achore miti na vitu visivyo na roho. Mlima, ziwa na nuru, basi, ni mlango ulio wazi kwa kila nyumba, wala si haki mtoto anyimwe kitabu kwa sababu hiyo.

Kurani Tukufu yatuita tuzingatie kupishana kwa usiku na mchana. Twawasihi wazazi wawape watoto karatasi na rangi, wachore mlima mmoja mara tatu: alfajiri, adhuhuri na magharibi. Huenda katika hao akatoka, inshallah, atakayewachorea wadogo zake kitabu ambacho mtoto wa Nakwa atakifunua na kusema, "Hapa ni kwetu."