Buriani mbili za askari wa Mugunga

Mwanajeshi anayefia vitani mbali na kwao huagwa mara mbili. Kwanza huagwa na wenzake wa kikosi, palepale alipoanguka au karibu yake, mara nyingi kwa haraka. Kisha huagwa nyumbani, mbele ya jamaa na wakuu wa nchi. Magharibi mwa Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara iendayo Sake, vita vimezitenganisha sana buriani hizi mbili.

Barabara hiyo hupita Mugunga, mtaa uliokaa juu ya mawe meusi ya volkano kando ya Ziwa Kivu, ambao ulimwengu umeujua zaidi kwa kambi zake za wakimbizi. Mbele kidogo kuna Mubambiro. Hapo ndipo walipopiga kambi wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuja na kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) kuanzia Desemba 2023, pamoja na Watanzania na Wamalawi. Februari 2024 kombora liliua Waafrika Kusini wawili ndani ya kambi. Januari 2025, waasi wa M23 walipoichukua Sake na kisha Goma, Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14, baadhi yao wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa.

Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, hivyo miili ikasafirishwa kwa barabara kupitia Rwanda hadi Uganda. Ilifika kambi ya anga ya Waterkloof, karibu na Pretoria, tarehe 13 Februari. Waliopigana nao bega kwa bega hawakuwapo kuyabeba majeneza: walikuwa wangali Mubambiro, na safari yao ya kurudi ilianza 29 Aprili.

Gwaride la mazishi hugeuza desturi za kila siku. Bunduki huelekezwa mtutu chini, mwendo huwa wa polepole, na kofia ya marehemu huwekwa juu ya jeneza lililofunikwa bendera. Mikupuo mitatu ya risasi hupigwa hewani. Husimuliwa kwamba mikupuo hiyo ni masalio ya vita vya zamani vya Ulaya, ambako mapigano yalisimama ili kila upande uondoe maiti wake, kisha milio mitatu ikatangaza kwamba kazi imekwisha na vita viendelee. Kama ndivyo, ni asili ya ajabu kwa ishara ya amani.

Tanzania inaijua njia hii ya Goma. Agosti 2013 Meja Khatibu Mshindo aliuawa karibu na mji huo. Desemba 2017, baada ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kushambuliwa Semuliki, huko Beni, majeneza 14 ya askari wa Tanzania yalipangwa Upanga, Dar es Salaam, kwa heshima za mwisho. Aliyekufa akiutumikia Umoja wa Mataifa hupewa pia medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997. Hupokewa kwa niaba yake, nayo huwa na jina lake na tarehe ya kufa.

Kwa askari wa Kongo mwenyewe mambo hayaendi kwa utaratibu huo kila mara. Kanali Mamadou Ndala, aliyeshangiliwa Goma baada ya kuwashinda M23 mwaka 2013, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014 na kuzikwa Kinshasa. Goma ikabaki na kilio bila jeneza. Askari asiye na cheo kikubwa huliliwa na familia yake: turubai, viti vya kuazima, moto wa usiku, na wenzake waliopata ruhusa ya kutoka kambini. Watu wa pwani wangesema matanga, na Kongo neno hilo linaeleweka vilevile.

Nchini Kongo si waliokufa tu wanaoenziwa; wastaafu nao wana kumbukumbu zao. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, mbele ya mnara wa wapiganaji wa zamani jijini Kinshasa. Alikuwa amepelekwa Burma na jeshi la kikoloni, Force Publique, katika Vita vya Pili vya Dunia. Ilisemekana ndiye aliyekuwa amebaki peke yake kati ya wenzake.