Diski au Kupakua: Ufunguo wa Gemu Anao Nani?

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya mbio za magari iliyotoka Desemba 2014. Waliokuwa wameipakua walibaki na faili zisizofunguka, jambo ambalo wengi walikuwa wamelitarajia. Kilichowauma watu zaidi ni yaliyowakuta wenye diski. Hawa waliinunua dukani, wakaondoka nayo mkononi, wakaitunza kabatini miaka yote hiyo. Diski nzima, haina mkwaruzo hata mmoja, mashine inaizungusha na kuisoma bila shida. Lakini gemu ikiwaka inaitafuta seva kwanza, na seva haipo.

Kisa hicho kinaharibu ubishi ambao wapenda gemu wamekuwa nao kwa miaka zaidi ya ishirini. Upande mmoja unasema diski ni mali yako, upande wa pili unasema kupakua ni rahisi na hakuna cha kupotea wala kuvunjika. Kila upande una haki yake, ila wote wanabishania chombo, na chombo si kitu pekee kinachoamua.

Tuanze na diski, kwa sababu sayansi yake ni tamu kuliko watu wanavyodhani. CD, DVD na Blu-ray zote zina kipenyo kilekile cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Data imechapwa kwa vishimo vidogo sana kwenye mstari mmoja unaoanzia karibu na katikati na kujizungusha hadi ukingoni. Kwenye CD, iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, umbali kati ya mzunguko mmoja na wa jirani ni maikromita 1.6. Kwenye DVD ni 0.74. Kwenye Blu-ray ni 0.32, kiasi kwamba katika upana wa unywele mmoja wa binadamu inaingia mizunguko zaidi ya 200.

Kilichowezesha kubana hivyo ni rangi ya mwanga. Wimbi la mwanga likiwa refu, leza haiwezi kukusanywa kwenye nukta ndogo ya kutosha. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, ambayo jicho haliioni. DVD ni nyekundu, nanomita 650. Blu-ray ni ya zambarau inayoelekea buluu, nanomita 405, na leza ya namna hiyo ilisubiri hadi miaka ya 1990, Mjapani Shuji Nakamura alipofanikiwa kuitengeneza katika kampuni ya Nichia. Baadaye, mwaka 2014, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi ya taa za buluu za LED. Matokeo yake ni kwamba sahani ileile ya sentimita 12 iliyobeba megabaiti 700 sasa inabeba gigabaiti 25 kwa kila tabaka, na diski za PlayStation 5 hufika gigabaiti 100.

Sasa ingia kibanda cha gemu jijini Dar es Salaam, Manzese au Mbagala, siku diski inapoganda katikati ya mechi. Kijana anaitoa, anaipulizia pumzi, anaisugua kwa fulana akizungusha mkono mduara kwa mduara. Mkono unamwendea kinyume na hesabu. Mkwaruzo unaokata diski kutoka katikati kwenda ukingoni hugusa kipande kidogo tu cha kila mzunguko wa data, na mashine inaweza kuziba pengo. Mkwaruzo wa mduara hufuata mstari wenyewe na kula data mfululizo. Diski hufutwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati moja kwa moja hadi nje. Na CD ya zamani ikianguka, usikague upande wa chini peke yake: data yake imekaa karibu zaidi na upande wa juu, chini kidogo tu ya lebo, na mkwaruzo wa upande huo hauna dawa. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka uso unaosomwa, ndiyo maana uso huo hupakwa tabaka gumu la kukinga.

Uwezo wa kuziba pengo una historia yake. Mwaka 1960 wanahesabu wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, walionyesha kwamba ukiongeza namba chache za ziada, zilizokokotolewa kutokana na data, unaweza kuzijua namba zilizopotea bila kuziona. Watengenezaji wa CD waliongeza ujanja wa pili: data zinazofuatana hazikai pamoja kwenye diski, zinatawanywa, kama watu wa nyumba moja wanaokataa kusafiri wote katika basi moja. Mkwaruzo ukipita, unachukua kidogo huku na kidogo kule, na waliobaki wanatosha kuwataja waliokosekana. Kwa njia hiyo CD inaweza kurudisha kikamilifu hadi takriban milimita 2.5 za mstari uliofutika.

Kupakua kunatatua tatizo lilelile kwa njia nyingine kabisa. Diski ilishaondoka kiwandani, haina wa kumuuliza, hivyo inabeba akiba yake yenyewe. Mtandao una wa kumuuliza. Gemu hukatwa vipande vidogo, kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni kama megabaiti moja moja, na kila kipande kina alama yake ya kihesabu, ambayo hubadilika hata biti moja ikigeuka. Kipande kikifika kibovu kinatupwa na kuombwa upya. Ndiyo sababu bando likikata usiku, kesho yake unaendelea ulipoishia badala ya kuanza mwanzo.

Bando lenyewe ni hesabu nyingine. Gemu ya gigabaiti 100 ni gigabiti 800. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyoyumba hata kidogo, hiyo ni saa 22 na dakika 13. Mwenye nyuzi za kioo nyumbani anaacha mashine usiku, asubuhi anacheza. Anayetegemea kifurushi cha simu anaweza kumaliza gharama ya diski ya mtumba kabla gemu haijafika nusu. Tena diski nayo haimwachi salama kabisa, maana gemu nyingi kubwa zikishawekwa tu huomba nyongeza ya marekebisho, na nyongeza hiyo inaweza kuwa makumi ya gigabaiti.

Kuna badiliko moja ambalo wengi hawakuliona likipita. Zamani mashine ilicheza kutoka kwenye CD moja kwa moja, na sauti ya diski ikizunguka ilikuwa sehemu ya gemu. Leo haiwezekani. Kisomeo cha Blu-ray cha PlayStation 4, kwa kasi yake ya juu, hutoa megabaiti 27 kwa sekunde. Hifadhi ya ndani ya PlayStation 5 hutoa gigabaiti 5.5, mara 200 hivi. Gemu ya sasa imeundwa kutegemea kasi hiyo ya pili, kwa hiyo kila kitu hunakiliwa ndani kwanza. Baada ya hapo diski hukaa kwenye mlango wake ikifanya kazi moja: kuthibitisha kwamba ipo. Imekuwa ufunguo.

Kwenye kompyuta mambo yalikwenda mbali zaidi, na mapema. Kampuni ya Valve ilianzisha Steam Septemba 2003. Gemu yao ya Half-Life 2 ilipotoka Novemba 2004, hata aliyenunua boksi lenye diski alilazimika kuisajili kwenye Steam kabla ya kucheza. Siku hizi laptopu mpya nyingi hazina mlango wa diski, na boksi la gemu ya kompyuta, ukilipata, mara nyingi lina karatasi yenye namba za siri tu. Nintendo nao mwaka 2025 wameleta kwa Switch 2 kadi ambayo ndani haina gemu: unaichomeka, unapakua gemu yote, kisha kila ukitaka kucheza lazima kadi iwepo. Hapo umebeba usumbufu wa pande zote mbili. Kwa haki, kadi hiyo angalau unaweza kuiuza.

Na kuuza ndiko kunakoonyesha tofauti ya kisheria. Diski ni kitu. Ukimaliza nayo unampa jirani, unaibadilisha, unaipeleka dukani. Gemu uliyoipakua ni leseni, ruhusa ya kutumia, iliyofungwa kwenye akaunti yako. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California, AB 2426, inazuia wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni, na Steam walianza kuonyesha tangazo la namna hiyo kwenye kapu la manunuzi mwezi Oktoba 2024. Masharti hayo hayakuwa mapya, yamekuwa kwenye mikataba miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba sasa yanaonekana kabla ya kulipa.

Kwetu akaunti ina kero ya ziada. Mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Tanzania, Kenya wala Uganda, hivyo wachezaji wengi hujiandikisha kana kwamba wako Marekani au Uingereza, kisha hutafuta kadi za malipo za nchi hiyohiyo. Wanaishi na akaunti yenye anwani ya uongo, na maktaba yao yote imesimama juu yake. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa kuuzwa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, zetu zikiwemo. Sony walifuta sharti baada ya kelele za wachezaji, lakini kuuzwa hakukurudi papo hapo. Diski inayouzwa Kariakoo haikuulizi unaishi wapi.

Mwezi huohuo wa Mei 2024, tarehe 12, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala. Siku kama hiyo ndiyo unajua gemu zako ni za aina gani. Kwenye PlayStation 5 kuna mpangilio wa akaunti unaoruhusu gemu ulizopakua zichezwe bila mtandao kwenye mashine yako kuu. Asiyeuwasha anaweza kukuta kufuli kwenye gemu alizozilipia. Mwaka 2021 iligundulika kwamba hata kibetri cha saa kilicho ndani ya PlayStation 4, kile cha duara kama sarafu, kikifa na mashine isipate kuwasiliana na Sony, gemu hazichezeki, za diski nazo pia. Sony walirekebisha kwa programu mwezi Septemba mwaka huo. Bila marekebisho hayo, rundo la diski nzima lingekuwa linasubiri ruhusa ya kibetri.

Wanaojali mazingira huuliza ipi inachafua kidogo. Utafiti uliochapwa mwaka 2014 katika Journal of Industrial Ecology uliangalia gemu za PlayStation 3 nchini Uingereza, wastani wa gigabaiti 8.8, na kukuta diski ya dukani ilitoa hewa ukaa kidogo kuliko kupakua. Kupakua kulishinda kwa gemu zilizo chini ya gigabaiti 1.3 tu. Sehemu kubwa zaidi ya hewa hiyo ilitokana na kucheza kwenyewe, umeme wa mashine na televisheni. Takwimu hizo zinazeeka haraka, kwa kuwa umeme unaotumika kusafirisha gigabaiti moja umekuwa ukipungua kwa nusu kila miaka miwili hivi tangu mwaka 2000. Gemu nazo zimenenepa sana. Nisingechagua kwa kigezo hiki.

Uimara ni kigezo kizito zaidi. Diski ya kiwandani ina tabaka la chuma linaloakisi leza, na hewa au kemikali ikilifikia, linaharibika. CD zilizotoka kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ziligeuka rangi ya shaba kwa sababu lakki yake haikuhimili salfa iliyokuwa kwenye karatasi za vijitabu vya ndani. Zile za kuchoma, zilizojaa kwenye vibanda enzi za PlayStation 2, hutumia rangi badala ya vishimo, na jua huifubaza rangi hiyo. Kwa mkazi wa pwani, penye joto na unyevu, kasha lililofungwa na kuwekwa kivulini lina maana.

Mimi nanunua hivi. Gemu yenye hadithi, ya kucheza peke yako, nachukua diski ikiwa imethibitishwa kwamba inaanza na kumalizika mashine ikiwa haina intaneti. Kwenye kompyuta nachukua faili lisilo na kufuli, kama yale ya duka la GOG la Poland, lililofunguliwa mwaka 2008, na nakala yake naiweka kwenye hifadhi ya nje. Gemu isiyowaka bila seva naihesabu kuwa ya kukodi, hata ikiwa kwenye boksi zuri namna gani, na silipi bei kamili. Tangu The Crew izimwe kuna kampeni, Stop Killing Games, inayotaka kampuni zilazimishwe kuacha gemu katika hali ya kuchezeka, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Bado si sheria. Mpira je? EA Sports FC hutoka upya kila mwaka, kwa kawaida Septemba, na ya mwaka uliopita hushuka bei mara moja. Hiyo ni diski, na iuzwe Agosti.