MCHORAJI NA CHUO CHA BIASHARA

Katika shule yetu wamo wanaochora, wanaoimba na wanaochonga, na karibu wote huambiwa neno moja: kwamba mtu wa sanaa hana la kutafuta katika chuo cha biashara. Neno hilo nimelisikia bwenini, na nimelisikia nyumbani kwetu Temeke, ambako baba yangu huandika vibao vya maduka. Napenda kueleza kwa nini si kweli, na pia mahali ambapo lina ukweli kidogo.

Kwanza yafaa tutazame jinsi picha zilivyouzwa hapa Dar es Salaam. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora picha zake mnamo mwaka 1968, akitumia mbao za hadibodi na rangi ile ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, na mkewe alisaidia kuziuza. Mmoja achora, mwingine auza: tayari hapo pana biashara. Alipofariki mwaka 1972 wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Walijiunga pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Nacho chama cha ushirika hakiendeshwi kwa brashi. Hapana budi pawe na daftari la fedha, mweka hazina, mikutano na hesabu ya mwaka.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila wengi hawaifanyi. Ubao mzima wa hadibodi una futi 8 kwa futi 4. Ukiukata vipande vya futi 2 kwa futi 2 wapata vipande 8. Tuseme ubao umenunuliwa shilingi 24,000, basi kila kipande ni shilingi 3,000. Mchoraji auza picha moja shilingi 15,000, naye afurahi kwamba amepata faida ya 12,000. Sivyo. Tuseme rangi ilikuwa shilingi 2,500 na nauli ya daladala 1,500. Zabaki 8,000, nazo ni ujira wa siku mbili alizoinama, wala si faida. Tena katika picha zile 8, huenda 3 zikakaa ukutani miezi mitatu bila mnunuzi, na fedha yake imelala humo. Habari hii ya fedha iliyolala hufundishwa katika vyuo vya biashara, nami naona kijana aliyekwisha kuumizwa nayo ataielewa upesi kuliko yule aliyeisoma kitabuni tu.

Sasa tuje mlangoni. Huko Marekani na Uingereza, shule nyingi za biashara za shahada ya uzamili humtaka mwombaji aandike insha juu ya maisha yake, na hapo mpiga muziki au mchoraji hupata nafasi ya kujieleza. Kwa kijana atokaye kidato cha nne hapa kwetu haiko hivyo. Akiomba kozi ya cheti katika Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, au Taasisi ya Uhasibu (TIA) iliyoko Temeke, Barabara ya Kilwa, hakuna atakayezitazama picha zake. Hutazamwa alama: awe amefaulu masomo yasiyopungua manne, yaani D au zaidi, na masomo ya dini hayahesabiwi. Basi sanaa haimzuii mtu, wala haimbebi. Kutoka cheti huendelea stashahada, na mwenye stashahada ya wastani wa 3.0 aweza kuomba shahada. Njia hiyo ni ndefu, lakini iko wazi.

Wako waliopita kwa njia nyingine. Hamis Mwinjuma, ajulikanaye kwa jina la Mwana FA, alikuwa tayari mwanamuziki mwenye sifa alipokwenda kusoma mambo ya fedha katika Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza. Mwaka 2020 alichaguliwa Mbunge wa Muheza.

Ule ukweli kidogo niliousema ni Hisabati. Sisi wachoraji twaikimbia mno, twadhani kwamba mkono mzuri utatosha. Kumbe kozi nyingi za shahada za biashara, hata kwa aliyepita kidato cha sita, huuliza alama ya Hisabati ya kidato cha nne. Baba huniambia niache kujisumbua nayo, kwa kuwa kazi ya vibao ipo. Mimi nimeomba ruhusa ya kukaa darasani kila jioni mpaka mtihani, nikirudia mada za faida, hasara na uwiano, na brashi zangu nimezifungia sandukuni.

Matokeo hutoka Januari. NACTVET hutoa mwongozo wa udahili wenye sharti la kila kozi, na yafaa usomwe kabla ya kuchagua. Fomu hujazwa kwa mtandao, na namba ya mtihani ni lazima uwe nayo mkononi.