MELI "GRAF VON GÖTZEN" NA MTU ALIYEPEWA JINA LAKE



Sisi wa hapa Alimbongo tunajua zaidi Ziwa Edouard, sababu samaki tunazokula zinapanda kutoka kule. Ziwa Tanganika wengi wetu tumeliona kwenye karta tu. Lakini juu ya ziwa lile ilitembea meli moja ambayo historia yake inatugusa hata sisi watu wa Kivu. Wajerumani waliiita "Graf von Götzen". Graf ni cheo cha ukoo mkubwa, kama vile Wafaransa wanavyosema comte. Tueleze kwanza mtu, halafu meli.

1. HUYU GÖTZEN ALIKUWA NANI?

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa mwaka 1866, akawa ofisa wa jeshi la Ujerumani. Mwisho wa mwaka 1893 aliondoka Pangani, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, pamoja na Wajerumani wengine wawili, na askari na wapagazi mamia. Mwezi wa tano 1894 waliingia Rwanda na kuonana na Mwami Rwabugiri. Kisha walifika kando ya Ziwa Kivu, wakapanda Nyiragongo, ule mlima wa moto tunaouona tukifika Goma. Kutoka hapo wakaingia katika pori kubwa, wakafuata njia ya mto Kongo, na mwisho wa mwaka walikuwa wamefika Matadi. Basi, huyu mtu alipita katika Kivu yetu kwa miguu. Wapagazi ndio walibeba mizigo safari nzima, lakini meli haikupewa jina la mmoja wao.

Mwaka 1901 Götzen akawekwa kuwa gavana wa nchi yote ambayo Wajerumani waliitawala upande wa mashariki: Tanganika, Rwanda na Burundi. Mwaka 1905 watu wa kusini ya Tanganika wakakataa kodi na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Wakasimama kupigana. Vita ile inaitwa Maji Maji, kwa sababu wapiganaji walipewa maji ya dawa wakiambiwa kwamba risasi za wazungu zitageuka maji. Kumbe risasi hazikugeuka. Na si risasi tu zilizoua. Askari wa serikali walichoma vijiji na mashamba, wakachukua akiba ya chakula, na njaa ikamaliza watu kuliko bunduki. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja wafu 75,000. Wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000. Götzen alirudi kwao mwaka 1906, hata vita ilikuwa bado kwisha kabisa. Alikufa mwaka 1910.

2. MELI ILIJENGWA NAMNA GANI?

Miaka mitatu baada ya kifo chake, mwaka 1913, kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg kilijenga meli na kuipa jina lake. Basi Götzen mwenyewe hakuiona hata siku moja.

Swali ni hili: meli ya urefu wa metre karibu 70 itafika namna gani katika ziwa ambalo liko katikati ya Afrika? Jibu lao lilikuwa la akili. Waliijenga kule kwa kuishika na buloni tu, kisha wakaifungua kipande kwa kipande na kuitia katika masanduku 5,000 hivi. Masanduku yakapita baharini mpaka Dar es Salaam. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, basi gari-moshi likayabeba karibu kilometre 1,250. Mafundi watatu kutoka Papenburg, pamoja na wafanyakazi wengi Waafrika, wakaiunganisha tena Kigoma. Iliingia majini tarehe 5 mwezi wa pili 1915. Wakati ule vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imekwisha kuanza.

3. KAZI YAKE VITANI

Tusidhani kwamba kila meli ya jeshi ni ya kupiga mizinga. Jeshi linahitaji pia meli ya kulisaidia: kubeba askari, chakula, risasi na barua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya Götzen. Iliweza kuchukua askari mamia na kuwashusha mahali pengine ziwani kwa siku mbili tatu, safari ambayo kwa miguu ingechukua majuma. Walikuwa wameiwekea pia mzinga mkubwa uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyokufa katika mto Rufiji mwaka 1915.

Upande wa Kongo Wabelgiji waliiogopa sana. Meli yao "Alexandre Delcommune" ilikuwa imekwisha kupigwa na Wajerumani tangu mwezi wa nane 1914. Kumbe baadaye wakubwa wa jeshi la Ujerumani waliutaka ule mzinga kwa vita ya nchi kavu. Ukaondolewa, na pahali pake pakawekwa mzinga wa mti, wa kutisha tu!

Mwezi wa saba 1916 askari wa Force Publique, wengi wao wana wa Kongo, walikuwa wanakaribia Kigoma. Wajerumani wakaamua kuizamisha meli wenyewe tarehe 26. Lakini wale mafundi hawakutaka iharibike. Walipaka mashini grisi nyingi ili kutu isiingie, kisha wakaishusha chini polepole karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani.

4. JINA LINABADILIKA, KAZI INABAKI

Wabelgiji waliiinua, lakini mwaka 1920 ikazama tena. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake: mashini zilikuwa bado nzima. Mwaka 1927 ilianza safari kwa jina jipya, "Liemba". Hilo ni jina la ziwa lenyewe ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini. Tangu hapo ikabeba abiria, samaki, mahindi na mizigo ya wachuuzi kwa miaka zaidi ya 80. Mashini ya mvuke ikaachia nafasi mashini ya mazutu katika miaka ya 1970.

Mwaka 1997, baada ya vita iliyomwondoa Mobutu, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliikodi. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha Wakongomani zaidi ya 75,000 katika nchi yao. Mwaka 2015 ikabeba tena wakimbizi, safari hii watu wa Burundi, kutoka Kagunga mpaka Kigoma.

Tusome hizo hesabu mbili pamoja. Gavana aliacha nyuma yake wafu 75,000, kwa hesabu iliyo ndogo. Meli iliyobeba jina lake ilikuja kurudisha nyumbani watu wanaozidi hesabu hiyo, lakini wakati huo ilikuwa imekwisha kuacha jina lile. Sisi ambao tumeona jamaa zetu wakipita barabarani na magodoro kichwani, tunaelewa kazi gani ni ya heshima.

5. NA SISI?

Kwetu pia majina yamebadilika. Ziwa Edouard lina jina la mwana wa malkia wa Uingereza. Mwaka 1973 likaitwa Idi Amin Dada, na baadaye likarudia jina la zamani. Ziwa Albert likaitwa Mobutu. Albertville ikawa Kalemie. Wavuvi wao hawakuacha kutupa nyavu.

Basi tukikuta jina juu ya meli, shule, barabara au mlima, tujiulize mambo matatu: Nani alilitoa? Mwenye jina alifanya nini, kizuri na kibaya? Na kitu chenyewe kinasaidia nani? Wakati wa likizo tuulize wazee wetu majina ya vilima na mito ya kwetu, yale yaliyokuwako kabla ya karta. Tuyaandike, sababu wazee wanaondoka, na jina lisiloandikwa linaondoka nao.