Fahamu: Damu ya mama hufika lini kwenye kondo la nyuma?

Wengi hudhani damu ya mama humiminika kwenye kondo la nyuma tangu mimba inapotunga. Sivyo. Kwa takriban wiki 10 za mwanzo, seli za kondo huziba kwa sehemu kubwa ncha za ateri za mji wa mimba, na kiinitete hulishwa na majimaji ya tezi za mji huo.

Baadaye vizibo huachia na ateri hutanuka. Mimba ikikomaa, mji wa mimba hupata zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika.

Ateri zisipotanuka vyema, mama huweza kupata shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba, na mtoto akadumaa tumboni. Ndiyo maana ya kuwahi kliniki: kwa walio katika hatari kubwa, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki 20, kwa maelekezo ya daktari.